Masinde Muliro na Haki ya Mwenzi Aliyetangulia

Ndugu zetu wasomaji, mmoja katika wenzetu wa darsa hii alisoma skuli ya sekondari huko bara, katika wilaya ya Bungoma, kwa kuwa marehemu baba yake alikuwa na duka upande huo. Miezi michache iliyopita ilimfikia khabari ya kwamba mtu aliyeketi naye dawati moja kwa miaka minne amefariki Kitale. Akapanda gari, akaenda akamzika, akarudi. Tulipomuuliza khabari za safari, alitwambia kwamba lililomsikitisha zaidi si mauti yenyewe, kwani mauti ni ya kila mtu, bali ni maneno aliyoyasikia kaburini. Watu walisimama mmoja baada ya mwengine wakamsifu maiti kwa sifa ambazo hakuwa nazo, na zile alizokuwa nazo hapana aliyezitaja, kwa sababu kuzitaja kungaliwaudhi baadhi ya wakubwa waliohudhuria. Naye mwenyewe, aliyemjua marehemu tangu ujanani, alinyamaza. Hilo ndilo lililomuuma mpaka akarudi nalo Mombasa.

Tulilizungumza jambo hili katika darsa mbili. Haki za maiti juu ya walio hai twazijua sote tangu chuoni: azikwe kwa heshima, deni lake lilipwe, wasia wake utimizwe, mayatima wake waangaliwe. Lakini iko haki nyengine ambayo twaisahau, nayo ni ya kushuhudiwa kwa kweli. Mtu aliyesoma nawe, au aliyesafiri nawe, au aliyefanya kazi nawe, anapokufa huacha ushahidi mikononi mwako. Yeye hawezi tena kujitetea wala kujieleza. Ukimzidishia umemdhulumu, ukimpunguzia umemdhulumu, na ukinyamaza pale ambapo kusema kungaliwafaa walio hai, umewadhulumu na hao pia.

Basi mwenzetu alitukumbusha kwamba baina ya Bungoma na Kitale alikuwako mtu ambaye maisha yake yote ni mfano wa jambo hili, naye ni Henry Pius Masinde Muliro, aliyezaliwa 1922 akafa 1992. Wazee wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu walilijua jina lake vizuri, kwa kuwa katika siku za kutafuta uhuru alikuwa mkono wa kulia wa Ronald Ngala, mtu wa Mwambao. Vijana wetu labda wanalijua kwa ajili ya chuo kikuu kilichoko Kakamega tu. Hakuwa Mwislamu, alikuwa Mkatoliki. Walakini uadilifu hauulizi dini ya mtu anayeshuhudiwa, na dini yetu haikutufunza kuwanyima watu haki zao kwa sababu hawaswali pamoja nasi. Tutamtaja kwa wema wake na kwa makosa yake, kama tunavyopenda kutajwa sisi.

Masinde Muliro alizaliwa katika kijiji cha Matili, huko Kimilili, chini ya mlima Elgon upande wa kusini, katika nchi ya Wabukusu ambayo leo ni kaunti ya Bungoma. Ni nchi yenye rutuba na mvua nyingi. Msafiri akitoka hapo huingia nchi nyengine iliyoitwa Trans Nzoia, maana yake ng'ambo ya Nzoia, na mji wake mkuu ni Kitale. Nchi hizi mbili zimepakana kama nyumba zilizoshirikiana ukuta mmoja, lakini serikali ya Kiingereza ilizifanya mbali kabisa. Bungoma iliachiwa wenyeji, nayo Trans Nzoia ikatengwa kuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu, khasa baada ya vita vya 1914 mpaka 1918. Reli ikapelekwa Kitale 1926 ili ichukue mahindi yao. Mwafrika aliweza kuishi Trans Nzoia kwa kuwa kibarua, au kwa kupewa kipande cha kulima naye akalipa kwa kazi ya mikono yake, lakini kumiliki hata ekari moja hakuweza. Msomaji na alishike hili, kwani ndilo litakalomrudia Muliro mara kwa mara mpaka mwisho wa umri wake.

Twataka pia kumwondolea msomaji mashaka ya jina. Yuko Masinde mwengine aliyetoka huko huko Kimilili, naye ni Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliyewapinga Wazungu kwa njia ya dini ya mababu, akafungwa na kuhamishwa mara nyingi. Mwaka 1948 wafuasi wa dini hiyo walipigwa risasi na polisi huko Malakisi wakafa watu kadhaa. Muliro wetu aliyaona mambo haya katika ujana wake. Chuki ya dhuluma ile ile iliyomkaa Elijah Masinde ilimkaa na yeye, lakini aliona kwamba silaha itakayofaa ni elimu na hoja, si rungu.

Elimu yenyewe ilikuwa taabu kuipata. Siku hizo skuli za sekondari za Waafrika katika Kenya zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, na chuo kikuu hakikuwako hata kimoja. Muliro alivuka mpaka akaenda kusoma Tororo, katika Uganda, kwa mapadri. Kisha 1949 akafunga safari ndefu kwenda chuo kikuu cha Cape Town, huko Afrika ya Kusini, kusoma tarikh, falsafa na ualimu. Tazama wakati aliokwenda. Mwaka mmoja kabla ya kufika kwake, chama cha Makaburu kilikuwa kimeshinda uchaguzi na kuanza kuandika sheria za kutenga watu kwa rangi zao, mahali pa kukaa, pa kusoma, mpaka ndoa. Kijana aliyekwisha kuona mashamba ya Kitale yakitengwa kwa rangi alikwenda akaona nchi nzima ikifanywa vivyo hivyo kwa sheria. Alimaliza masomo 1953, na mwaka uliofuata akarudi Kenya, ambayo nayo ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Akashika chaki akafundisha, na miongoni mwa mahali alipofundisha ni chuo cha waalimu cha Siriba, karibu na Maseno.

Katika Machi 1957 serikali iliwaruhusu Waafrika wa Kenya kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Si kila mtu aliyeruhusiwa kupiga kura. Ilibidi mtu awe na elimu kiasi fulani, au mali, au utumishi wa miaka, na mwenye sifa nyingi alipewa zaidi ya kura moja. Viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima. Muliro aliacha ualimu akagombea kiti cha Nyanza Kaskazini, akamshinda W. W. W. Awori, mtu mashuhuri aliyekuwa tayari katika Baraza.

Wale wanane tunaweza kuwafananisha na wanafunzi wa darasa moja, kwa kuwa waliingia siku moja, na walikaa mbele ya mwalimu mmoja mkali, yaani serikali ya kikoloni. Walikuwa Oginga Odinga, Tom Mboya, Daniel arap Moi, Ronald Ngala, Lawrence Oguda, Bernard Mate, James Muimi na Masinde Muliro. Jambo la kwanza walilolifanya ni kushikamana. Walikataa kuchukua uwaziri waliotengewa, wakasema kwamba viti vinane kwa mamilioni ya watu ni dharau. Serikali ikalazimika kuongeza viti vyengine sita, kisha ikaita mkutano wa katiba London, katika jumba la Lancaster, Januari 1960. Mtu na alipime jambo hili: watu wanane wasio na jeshi wala hazina, kwa kushikamana tu, waliutikisa ufalme.

Lakini darasa moja haliwafanyi wanafunzi wawe na rai moja. Mwaka 1959 Muliro aliongoza chama kilichoitwa Kenya National Party, kilichokubali watu wa rangi zote, na wengine katika wenzake, nao ni Mboya na Odinga, wakaenda njia nyengine. Mwaka 1960 ikazaliwa KANU, na mwezi wa Juni mwaka huo huo ikazaliwa KADU kwa khofu ya makabila madogo kumezwa na makubwa. Ngala akawa kiongozi wa KADU, Muliro naibu wake, Moi mwenyekiti. Shauri lao likawa ni majimbo, yaani kila upande wa nchi uwe na mamlaka yake katika mambo yake. Sisi watu wa Mwambao tuna sababu ya kuyakumbuka haya, kwa sababu wengi katika wazee wetu waliitumainia KADU wakati ilipokuwa khatima ya ukanda wa maili kumi, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, haijulikani. Katika 1961 Ngala alipounda serikali, Muliro naye alishika uwaziri. Katiba ya majimbo ilipatikana 1963, na haikuishi sana. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ilijivunja yenyewe ikaingia KANU, na Disemba ya mwaka huo Kenya ikawa jamhuri na majimbo yakazikwa.

Hapa ndipo inapotupasa kulitaja kosa, kwa maana tumeahidi kusema kweli. Wakati ule wa kuchora mipaka ya majimbo, katika 1962, Muliro alitaka Kitale iingizwe jimbo la Magharibi pamoja na Bungoma, nao wenzake wa chama hicho hicho kutoka Bonde la Ufa walitaka ibakie kwao. Tume ya mipaka ikaiacha Trans Nzoia katika Bonde la Ufa. Watu waliokuwa wakila sahani moja katika KADU walitazamana kwa jicho baya kwa ajili ya mji mmoja. Hapana shaka Muliro alikuwa na hoja, kwani Wabukusu wengi walikuwa wamekwisha kumwaga jasho lao katika mashamba yale. Lakini hoja ya kwamba ardhi hii ni ya kabila letu na ile ni ya kabila lenu ni hoja yenye moto ndani yake, na aliyeitia kinywani, akiwa yeye au akiwa mpinzani wake, hakujua ni nani atakayeungua. Tutaona mbele kwamba moto huo uliwaka.

Kwa upande mwengine, alilolifanya baada ya hapo ni bora kuliko maneno ya mipaka. Walowezi walipoanza kuondoka, serikali ilifungua mipango ya kuwapa wenyeji mashamba, na mengine yakawa yanauzwa kwa mwenye fedha. Mtu mmoja masikini hawezi kununua shamba la ekari elfu. Muliro aliwahimiza watu wachange, waungane katika vyama na makampuni, wanunue pamoja kisha wagawane. Jamaa nyingi zilizotoka Bungoma zikapata mashamba Trans Nzoia kwa njia hii, kwa hati na kwa risiti. Naye mwenyewe akahamia huko, akalima, na viti vyake vya Bunge vikawa vya upande wa Kitale, khasa Cherangany. Baada ya uchaguzi wa 1969 alipewa wizara ya vyama vya ushirika, wizara iliyomfaa mtu wa namna yake. Baada ya uchaguzi wa 1974 akawa waziri wa ujenzi. Hivyo akawa na cheo, na shamba, na jina, na umri wa miaka zaidi ya hamsini. Mtu akifika hapo, nafsi humwambia atulie.

Hapo ndipo ulipomjia mtihani. Katika Machi 1975 aliuawa J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, mtu aliyekuwa akilalamika waziwazi kwamba matajiri wachache wamejimilikisha nchi. Maiti yake ilikutwa katika vilima vya Ngong. Nchi ikajaa huzuni na minong'ono. Bunge likaunda kamati ya uchunguzi, na mwenyekiti wake akawa Elijah Mwangale, mbunge aliyetoka huko huko Bungoma. Kamati ikachunguza ikaleta taarifa mwezi wa Juni, taarifa ambayo haikuwapendeza wenye nguvu, kwa maana ilielekeza kidole kwa watu wa usalama. Serikali haikutaka Bunge liikubali. Na desturi ya serikali yajulikana: waziri hupiga kura pamoja na wenzake, asiyetaka hujiuzulu.

Siku ya kura, wabunge wengi walijua kweli iko wapi. Kila mmoja alilipima jambo lake, huyu mshahara wake, huyu mkopo wake, huyu usalama wa watoto wake. Muliro, ambaye alikuwa na vya kupoteza kuliko wengi wao, alisimama pamoja na walioikubali taarifa. Manaibu waziri wawili, John Keen na Peter Kibisu, walifanya kama yeye. Taarifa ikapita kwa tofauti ya kura chache sana. Haikuchelewa, Rais Kenyatta akawafukuza wote watatu. Muliro akatoka katika wizara, akarudi Kitale kwenye mahindi yake.

Msomaji na atulie hapa kidogo, kwani hapa ndipo kiini cha maneno yetu. Kura ile isingaliweza kumfufua Kariuki, na hata baada ya taarifa kukubaliwa, waliomuua hawakupelekwa mahakamani. Mtu wa hesabu za duniani atauliza faida yake ni nini. Faida yake ni kwamba maiti alipata shahidi. Kariuki hakuwa kabila moja na Muliro, wala hakuwa mtu wa KADU, walikuwa wameketi katika Bunge moja tu. Lakini kuketi pamoja kwalazimisha haki, kama vile dawati moja la skuli linavyolazimisha. Muliro aliitoa haki ile kwa bei kubwa, na wengi waliokuwa karibu zaidi na Kariuki kuliko yeye waliiweka mfukoni. Kwa hiyo, leo mtu akisoma tarikh ya Kenya hawezi kudai kwamba serikali nzima iliridhika na mauaji yale. Watu watatu waliitoa serikali katika aibu hiyo, na serikali ikawalipa kwa kuwafukuza.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizito. Mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule wa 1975 wabunge Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa katika majengo ya Bunge wakawekwa kizuizini. Kenyatta alikufa Agosti 1978, na Moi, aliyeingia Barazani siku moja na Muliro miaka ishirini na moja nyuma, akawa Rais. Mwaka 1982 sheria ikabadilishwa kwa haraka, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja, na aliyetaka kusema kinyume hakuwa na mahali pa kusemea. Mwaka 1988 watu waliamrishwa kupiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya wanaowataka, na mara nyengine mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu mchana kweupe.

Agosti 1991 wazee sita walijitokeza wakaunda FORD, jukwaa la kudai vyama vingi. Walikuwa Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka, na Ahmed Salim Bamahriz wa Mombasa. Twalitaja jina la Bamahriz kwa makusudi, ili vijana wetu wa pwani wajue kwamba katika orodha ile fupi alikuwamo Mwislamu wa mji wetu. Odinga na Muliro walikuwa wamebaki wawili katika lile darasa la 1957 upande huu. Mboya alipigwa risasi Nairobi Julai 1969, Ngala alikufa Disemba 1972 baada ya ajali ya gari, na Moi alikuwa upande wa pili wa meza. Mkutano walioutangaza katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 16 Novemba 1991, ulipigwa marufuku, na viongozi wakakamatwa. Lakini nchi za nje zilikuwa zinatazama, misaada ikasimamishwa, na Disemba ya mwaka huo huo sheria ya chama kimoja ikafutwa. Muliro alikuwa na miaka sitini na tisa.

Laiti khabari ingaliishia hapo. Ule moto tuliousema ukaanza kuwaka. Kuanzia mwisho wa 1991, katika Bonde la Ufa na mipakani mwake, watu waliokuwa majirani walichomeana nyumba kwa hoja ya kwamba mwenye kabila fulani hana haki ya kuishi katika ardhi fulani. Trans Nzoia na Bungoma zilipata sehemu yao kubwa. Wenye hati walifukuzwa sawa na wasio na hati. Sisi wa pwani tulidhani hayo ni mambo ya bara, mpaka Agosti 1997 yalipotufikia Likoni, ndipo tukajua kwamba moto wa aina hii haujui bara wala pwani.

Katika FORD nayo hapakuwa na salama. Odinga alitaka kugombea urais, na Kenneth Matiba alitaka, na Muliro pia alitaka. Hatutalificha hilo, wala kutaka si dhambi. Lakini Muliro alijulikana kwa kuwaleta watu kwenye mazungumzo, na wengi walimtumainia kwamba atawapatanisha wenzake au atakuwa mtu wa katikati watakayemkubali wote. Alisafiri kwenda London kutafuta msaada kwa ajili ya kazi ya chama. Aliporudi asubuhi ya tarehe 14 Agosti 1992, alianguka katika uwanja wa ndege wa Nairobi, akafa. Maneno mengi yalisemwa juu ya kifo chake. Sisi hatuyaandiki, kwa sababu si uadilifu kumshuhudia mtu kwa kweli katika maisha yake kisha kumshuhudia kwa dhana katika mauti yake. Alizikwa shambani kwake katika Trans Nzoia, katika ardhi ile ambayo alipozaliwa asingaliruhusiwa kuimiliki.

Baada ya kuzikwa kwake FORD ilipasuka. Odinga akaenda na FORD-Kenya, Matiba na FORD-Asili. Katika uchaguzi wa Disemba 1992 Moi alishinda kwa kura kama 36 katika kila 100, nao wapinzani wake, waliokuwa wamegawanyika, walipata zaidi ya 60 zikiwekwa pamoja. Waliosimama kaburini Kitale wakamsifu mpatanishi walirudi Nairobi wakafanya kinyume cha upatanishi. Hizo ndizo sifa za kaburini, ndugu zetu. Hazimfai maiti wala hazimzuii aliye hai.

Chuo kikuu cha Kakamega kilipewa jina lake, kikawa chuo kikuu kamili 2007, na maelfu ya vijana wamepita hapo. Katiba ya 2010 iligawa mamlaka kwa kaunti 47, Bungoma ikawa moja, Trans Nzoia ikawa nyengine, Mombasa nyengine, na ndani yake kuna harufu ya yale ambayo Ngala na Muliro waliyataka nusu karne nyuma. Haya ni makumbusho mema. Walakini jina juu ya jengo halisemi mtu alikuwa nani. Mwanafunzi anaweza kulipita jina hilo kila asubuhi kwa miaka minne asijue kwamba mwenye jina aliacha uwaziri kwa sababu ya maiti ya mtu asiye kabila lake.

Basi tukiyajumlisha tuliyoyaona, Masinde Muliro hakuwa mtu asiye na kasoro. Alipenda cheo kama wanasiasa wanavyopenda, na katika suala la Kitale alisema maneno ya kabila ambayo afadhali yangalisemwa kwa namna nyengine. Lakini alipofikishwa mahali ambapo kweli iko upande mmoja na mkate wake uko upande wa pili, aliiendea kweli. Na wengi wanaosifiwa kuliko yeye hawakufikishwa hapo, au walifikishwa wakageuka.

Mwenzetu aliyerudi kutoka Kitale aliyasikiliza haya yote, kisha akatwambia kwamba ameona la kufanya. Amemwandikia mjane wa rafiki yake barua ndefu, akamweleza yeye na watoto yale anayoyajua. Kwamba baba yao akiwa kijana wa darasa la pili alikubali kuadhibiwa badala ya kumtaja uongo mtoto masikini, na kwamba alipokuwa mkubwa aliondolewa kazini kwa kukataa kutia sahihi hesabu isiyo ya haki, wakati watu walidhani amefukuzwa kwa uzembe. Haya ndiyo ambayo hapana aliyethubutu kuyasema kaburini. Mtoto mmoja amemjibu kwamba walikuwa wakiona haya kwa ajili ya baba yao, na sasa haya hiyo imewaondoka. Msomaji na apime, barua moja tu, na dhuluma ya miaka mingi imepungua.

Twawaombeni basi, ndugu zetu, kila mmoja amkumbuke mtu mmoja aliyesoma naye ambaye ametangulia. Atazame kama kuna kweli anayoidaiwa. Ikiwa alikopa kwake alipe. Ikiwa anajua wema wake uliofichika, awaambie watoto wake kabla hajafa yeye mwenyewe, kwani shahidi naye hufa na ushahidi huzikwa pamoja naye. Ikiwa anajua kosa ambalo halina faida kulitaja, alisitiri. Na ikiwa kuna dhuluma aliyofanyiwa mwenzake mbele ya macho yake naye akanyamaza, basi mlango wa kusema haujafungwa maadamu ulimi ungalipo. Nasi tunaoandika haya twajiambia nafsi zetu kabla ya kuwaambia nyinyi.